Sigara ya kielektroniki yenye nguvu: Kabla ya kusifu gamba, tazama betri

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

VUMBI la Dodoma halibagui. Mvua zikishakata na kiangazi kuanza, kuanzia Mei hadi Novemba, huingia katika tundu la chaja ya simu, katika spika za redio, katika bawaba za milango ya magari na hata ndani ya saa ya mkononi ambayo mwenyewe aliuziwa kwa kiapo kwamba haipitishi hata tone la maji.

Katika mazingira hayo, mtu mzima anayetumia sigara ya kielektroniki, ambayo vijana huiita vepu, hufika mahali akajiuliza ni kifaa kipi kitakachostahimili safari ya kila siku kutoka Nzuguni hadi Mji wa Serikali wa Mtumba, au safari za bodaboda kwenye barabara za changarawe za Bahi na Kongwa, bila kufa baada ya mwezi mmoja.

Wauzaji wengi wana jibu moja kwa swali hilo: kifaa kikubwa, kizito, kilichovishwa mpira pembeni na kuandikwa wati 200. Jibu hilo ni nusu tu ya ukweli. Gamba gumu huokoa kifaa kinapodondoka, lakini kinachoweza kumjeruhi mwenye kifaa kimo ndani ya gamba hilo, na mara nyingi huuzwa kando, kwa bei ya chini, bila maelezo yoyote.

Jambo moja lisemwe mapema. Asiyevuta sigara hana sababu ya kununua kifaa cha aina hii, kiwe kigumu au laini. Nikotini huleta utegemezi, iwe imetoka kwenye moshi au kwenye mvuke, na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwezi Desemba 2023 lilitaka nchi zichukue hatua za haraka kuwalinda watoto na vijana. Wakati huo, kwa hesabu ya shirika hilo, nchi 34 zilikuwa zimepiga marufuku uuzaji wa sigara hizo, huku nchi 88 zikiwa hazijaweka umri wa chini wa kuzinunua.

Kwa aliyekwisha kuwa mvutaji, hali ni tofauti kidogo. Sigara na tumbaku nyingine huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na kinachoua hasa ni moshi wa majani yanayoungua. Taasisi ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kuchambua tafiti za tiba, ilieleza Novemba 2022 kwamba upo ushahidi wa uhakika kuwa sigara za kielektroniki zenye nikotini huwasaidia watu wengi zaidi kuacha sigara kuliko vibandiko au bigijii za nikotini. Madhara ya kuvuta mvuke huo kwa miaka mingi bado hayajulikani sawasawa, kwa kuwa bidhaa yenyewe ni changa.

Uchanga huo ni wa kulinganisha. Herbert Gilbert wa Marekani alipata hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku mwaka 1965, lakini hakupata kiwanda cha kuitengeneza. Iliyokuja kushika soko ni ile ya mfamasia wa China, Hon Lik, aliyeibuni mwaka 2003. Leo sehemu kubwa ya vifaa hivi duniani hutengenezwa katika jiji la Shenzhen, kusini mwa China, na ndiko vinakotoka hata vile vinavyofika Tanzania kwa mizigo ya mkononi ya wasafiri.

Muundo wake si wa ajabu. Kuna betri, kuna saketi inayopima na kupunguza au kuongeza umeme, kuna koili ya waya iliyozungushiwa au kujazwa pamba, na kuna tangi dogo la kimiminika. Mtumiaji akibonyeza kitufe, koili hupata moto, pamba iliyolowa hutoa mvuke, naye huuvuta. Kimiminika chenyewe ni mchanganyiko wa propilini glikoli, gliserini ya mimea, ladha na, mara nyingi, nikotini.

Tofauti kati ya kifaa kidogo kama kalamu na kile kikubwa cha matumizi ya kila siku ni kiasi cha umeme. Kalamu hutumia wati 10 hadi 20. Kikubwa hutumia kwa kawaida wati 50 hadi 100, na baadhi huandikwa 200 au zaidi. Ili kupata picha, chaja nyingi za kompyuta mpakato hutoa wati 65. Kwa maneno mengine, mtu anayevuta kwa wati 80 ameshika mkononi, karibu na uso wake, nguvu inayozidi ile inayoendesha kompyuta nzima ya ofisini kwake.

Wachache huzihitaji hizo wati 200. Namba hiyo huuza, lakini watumiaji wengi huvuta chini ya nusu yake, kwa sababu juu ya hapo mvuke huwa wa moto kupita kiasi na pamba huungua. Faida ya kifaa chenye uwezo mkubwa ni kwamba kikitumika kwa wati 60 hakihemi. Saketi yake na betri zake hufanya kazi kwa nafasi, kama lori la tani kumi lililobebeshwa tani tatu.

Sasa ugumu. Neno hilo kwenye boksi halina maana yoyote bila namba, na namba ya kutafutwa huanza na herufi IP. Hiki ni kipimo cha kimataifa kinachotumika pia kwa simu, tochi na taa za barabarani. Tarakimu ya kwanza hueleza kinga dhidi ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa, maana yake vumbi haliingii. Tarakimu ya pili hueleza maji: 7 ni kuzamishwa hadi mita moja kwa nusu saa, na 8 ni zaidi ya hapo, kwa kina na muda anaoutaja mtengenezaji mwenyewe.

Kwa mkazi wa nyanda za kati, tarakimu ya kwanza ina thamani kuliko ya pili. Dodoma hupata mvua kwa miezi minne au mitano tu, na hakuna mtu anayetarajia kuzamisha kifaa chake katika bwawa la Hombolo. Lakini vumbi lipo miezi saba. Kifaa kilichoandikwa IP67 au IP68, kama ilivyo kwa baadhi ya matoleo ya Aegis ya kampuni ya Geekvape ambayo tangu 2017 ndiyo yaliyoitangaza sana aina hii, kina mpira unaoziba mlango wa betri na kizibo kwenye tundu la chaja. Kizibo hicho kikikatika, namba ya IP imekwisha kazi, hata kama gamba bado linang'aa.

Aidha, namba hiyo ni ya mwili wa kifaa peke yake. Tangi la kioo linalofungwa juu yake halina kinga hiyo. Lina matundu ya kuingizia hewa, na vumbi likipita humo huishia ama kwenye pamba ama kwenye koo la mvutaji. Mfuniko wa mdomo wa kifaa, hata ule wa mpira wa bei ndogo, una manufaa zaidi hapa kuliko rangi ya kijeshi ambayo watengenezaji hupenda kupaka bidhaa zao.

Baada ya gamba ndipo inapokuja betri, na hapa mnunuzi anapaswa kutulia.

Betri ya lithiamu ilianza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991. Vifaa vingi vikubwa vya mvuke hutumia aina iitwayo 18650, jina linalotokana na vipimo vyake: upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Vingine hutumia 21700, yenye upana wa milimita 21 na urefu wa 70. Kwa nje hufanana na betri za tochi zinazouzwa kila mahali, na hapo ndipo balaa linapoanzia, kwani mfanano huo ni wa umbo tu.

Betri ina namba mbili muhimu. Ya kwanza ni miliampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi, ambayo kila mtumiaji wa simu anaifahamu. Ya pili ni ampea, yaani kasi ambayo betri inaweza kuutoa umeme huo bila kupata joto la hatari. Namba ya kwanza huandikwa kwa herufi kubwa. Ya pili mara nyingi haiandikwi kabisa, nayo ndiyo inayoamua usalama wa mtu.

Hesabu yake haihitaji mhandisi. Gawa wati kwa volti za betri inapokaribia kuisha, ambazo ni kama 3.2, kisha zidisha kidogo kwa sababu saketi hupoteza takriban sehemu moja ya kumi. Wati 60 katika kifaa cha betri moja hudai karibu ampea 21. Wati 80 hudai karibu ampea 28. Betri bora za 18650 zinazopatikana kwa urahisi, kama Samsung 25R, zimepimwa kwa ampea 20. Sony VTC5A, ambayo tangu 2017 biashara yake imo mikononi mwa kampuni ya Murata, imepimwa kwa ampea 25. Samsung 30Q na Sony VTC6, zinazohifadhi umeme mwingi zaidi, zimepimwa kwa ampea 15 tu.

Maana yake ni kwamba kifaa cha betri moja ya 18650 kisitumike juu ya wati 60, hata kama skrini yake inaruhusu 100. Anayetaka wati 80 au 100 kwa amani achukue chenye betri mbili, ambapo mzigo hugawanyika, au chenye betri moja ya 21700, ambayo huvumilia zaidi. Kati ya ushauri wote unaotolewa kuhusu vifaa hivi, huu ndio ambao wauzaji hawautaji.

Betri mbili zina masharti ya ndoa. Zinunuliwe siku moja, za aina moja, zitumike pamoja, zichajiwe pamoja na zistaafu pamoja. Ikiwekwa mpya na kuukuu, ile dhaifu huishiwa mapema, kisha ile yenye nguvu huilazimisha kuendelea kutoa umeme ambao haina. Betri ya lithiamu iliyokamuliwa namna hiyo huharibika ndani bila kuonyesha dalili nje.

Na sasa jambo linalowahusu hata wasiovuta chochote. Katika maduka ya vifaa vya umeme ya miji mingi ya Afrika Mashariki kuna betri za 18650 za tochi na feni zilizoandikwa miliampea-saa 6,000, 8,000, hata 9,900. Hazipo. Betri ya kweli ya ukubwa huo kwa kawaida haivuki 3,600 au karibu na hapo. Ile iliyoandikwa 9,900, ikipimwa, mara nyingi hukutwa na sehemu ndogo ya kiasi hicho. Baadhi ni betri kuukuu zilizong'olewa kwenye kompyuta mpakato zilizokufa, zikavuliwa ganda la zamani na kuvishwa jipya.

Kwenye tochi, udanganyifu huo humpotezea mtu mwanga na fedha. Kwenye kifaa cha wati 80, ni suala jingine. Betri ya kompyuta imetengenezwa kutoa ampea nne au tano. Ikidaiwa 20, hupata joto, na joto likivuka kiwango fulani kemikali za ndani huanza kujichochea zenyewe. Hapo hakuna kitufe cha kuzima.

Kipimo kimoja rahisi ni mizani. Betri halisi ya 18650 huwa na uzito wa gramu 43 hadi 49 hivi. Mizani ya sonara au ya jikoni inayopima gramu moja moja inatosha. Ikionyesha 35, mrudishie muuzaji. Ikionyesha 46 hiyo bado si hati ya uhalali, lakini angalau kilichomo ndani ni betri na si kibetri kidogo kilichofichwa ndani ya kopo kubwa.

Ajali zilizotokea kwingine zinafundisha. Mei 2018, mkazi mmoja wa St. Petersburg, katika jimbo la Florida nchini Marekani, mwenye umri wa miaka 38, alikufa baada ya kifaa chake kulipuka na vipande kuingia kichwani, huku nyumba ikishika moto. Januari 2019, kijana wa miaka 24 wa Fort Worth, Texas, alikufa baada ya kipande kukata mshipa wa shingo. Vifo vya namna hii ni vichache mno ukilinganisha na idadi ya watumiaji, lakini majeraha ya moto mapajani na mikononi si machache, na mengi husababishwa na betri ya akiba iliyowekwa mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Chuma kikigusa ncha mbili za betri, hupigwa shoti, na suruali hushika moto kabla mwenyewe hajajua kilichotokea.

Kasha la plastiki la kuhifadhia betri mbili ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika biashara hii, na pengine ndicho chenye thamani kuliko vyote. Anayetembea na betri za akiba bila kasha hajali maungo yake.

Ganda la plastiki la betri nalo likaguliwe. Kopo lote la betri ya 18650 ni upande wa hasi, isipokuwa kile kitufe cha juu ambacho ni chanya. Kinachovitenganisha ni pete ndogo na ganda hilo jembamba. Likichanika karibu na kichwa, betri iondolewe matumizini hadi ivishwe ganda jipya na mtu anayejua kazi yake.

Vipo pia vifaa vinavyoitwa vigumu kuliko vyote, yaani bomba la shaba au chuma lenye betri ndani na kitufe chini, bila saketi yoyote. Haviharibiki kwa sababu havina cha kuharibika. Lakini havina pia cha kukata umeme inapotokea shoti, wala cha kumzuia mtumiaji asifunge koili inayodai ampea nyingi kuliko uwezo wa betri. Koili ya omu 0.15 kwenye betri iliyojaa, yenye volti 4.2, huvuta ampea 28 papo hapo. Wanaovitumia kwa usalama ni watu wenye mita ya kupimia omu na mazoea ya kupiga hesabu kila wanapobadilisha waya. Kwa mtu anayetaka tu kifaa cha kwenda nacho kazini, hivi si vya kufikiriwa.

Kifaa chenye saketi nzuri hukataa kuwaka kikikuta shoti, kikikuta betri zimewekwa kinyume, kikipata joto kupita kiasi au betri zikishuka chini ya kiwango. Maneno hayo yatafutwe kwenye kijitabu cha maelezo. Yasipokuwapo, au kijitabu chenyewe kikiwa hakipo, bei ya chini haina maana.

Chaguo la wati hubadilisha pia chupa ya kununua, na hapa wengi walioacha kalamu ndogo na kuhamia kifaa kikubwa huumia. Kimiminika cha vifaa vidogo mara nyingi huwa na chumvi ya nikotini ya miligramu 20 hadi 50 kwa kila mililita. Kikimiminwa kwenye kifaa cha wati 80, kinachotoa mvuke mara nyingi zaidi kwa pumzi moja, mtu hupata kizunguzungu, moyo kwenda mbio na kutapika. Vifaa vikubwa hutumia miligramu 3 hadi 6. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa sheria yao ya mwaka 2014, hazikubali zaidi ya miligramu 20 kwa mililita kwa matumizi yoyote.

Gharama nayo haiko kwenye kifaa. Kwa wati 80, mililita sita hadi kumi kwa siku ni jambo la kawaida, na chupa ya mililita 60 huisha ndani ya wiki moja au siku chache zaidi. Koili hubadilishwa kila baada ya wiki moja hadi tatu. Betri mbili zenye jumla ya nguvu ya wati-saa 21 zitatoa, kwa wati 80, zaidi kidogo ya pumzi 200 za sekunde nne kabla ya kudai chaja. Kwa wati 15, betri moja tu ya aina hiyo hutoa zaidi ya pumzi 600 za sekunde tatu. Mvutaji anayetaka kupunguza sigara na kutunza fedha kwa kweli angeanzia hapo chini, na kuacha mawingu ya mvuke kwa wanaoyapenda.

Chupa zisizo na lebo, zilizochanganywa mtaani, ziepukwe bila mjadala. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na maradhi ya mapafu yaliyowalaza hospitalini au kuwaua watu 2,807 hadi Februari 2020, kati yao 68 wakifariki. Uchunguzi ulielekeza kidole hasa kwenye asetati ya vitamini E, mafuta yaliyoongezwa kwenye kimiminika cha bangi kilichouzwa kwa magendo. Chupa ya nikotini nayo ikae mahali ambapo mtoto hafiki. Harufu yake ni ya embe au stroberi, na kiasi kidogo kikimezwa kinatosha kumpeleka mtoto hospitalini.

Nyanda za kati zina vituko vyake ambavyo kijitabu cha Shenzhen hakivitaji. Kimoja ni mwinuko. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, Dodoma iko mita 1,100 na zaidi juu yake, na mgandamizo wa hewa hupungua kwa zaidi ya asilimia 10 kati ya miji hiyo miwili. Anayepanda treni ya reli ya kisasa, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, huvuka tofauti hiyo kwa saa nne hivi. Hewa iliyofungiwa ndani ya tangi hutanuka na kukisukuma kimiminika kupitia pamba hadi kwenye matundu, kisha mfukoni. Dawa yake ni kulijaza tangi pomoni, ili hewa ya kutanuka iwe kidogo, au kulimwaga kabisa, na kufunga matundu ya hewa kabla ya kuondoka.

Kingine ni joto la garini. Oktoba na Novemba, kipimajoto cha Dodoma hupita nyuzi 30 mchana, na ndani ya gari lililofungwa vioo, juu ya dashibodi, huzidi 60. Watengenezaji wengi wa betri za 18650 huweka nyuzi 60 kama mwisho wa kutumia na 45 kama mwisho wa kuchaji. Kifaa kilichoachwa juu ya dashibodi wakati mwenyewe yuko kwenye kikao kimevuka mipaka yote miwili, na kosa la pili hutendwa pale anaporudi na kukichomeka kwenye chaja ya gari kikiwa bado kinaunguza mkono.

Kuchaji kupitia tundu la kifaa kunakubalika kwa dharura. Kwa kila siku, chaja ya nje inayoshika betri mbili kila moja na njia yake ni bora, kwa kuwa huzipima moja moja, na tundu la kifaa hubaki limezibwa dhidi ya vumbi. Isiachwe usiku kucha juu ya godoro au zulia. Umeme ukikatika, jozi ya pili iliyochajiwa na kuwekwa kwenye kasha ndiyo jenereta ya mvutaji.

Sheria ni suala la kuuliza kabla ya kununua. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, iliyotungwa mwaka uleule wa ubunifu wa Hon Lik, ambayo pamoja na mambo mengine inakataza kuwauzia tumbaku walio chini ya miaka 18. Iliridhia mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, ikapiga marufuku shisha mwaka 2016, na tangu 2021 usimamizi wa bidhaa za tumbaku uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo makao yake makuu yapo Dodoma. Anayetaka kuagiza kifaa kutoka nje ana bahati ya kuwa na ofisi ya kuulizia ndani ya mji wake. Ni mji, itakumbukwa, ulio kwenye reli inayoendelea magharibi hadi Tabora, ambako tumbaku ya Urambo ilishika nafasi ya karanga baada ya mpango maarufu wa wakoloni kuporomoka huko na Kongwa mwaka 1951, na ambako mzee wa Kigogo mwenye kopo lake la ugoro bado huweza kushangaa haya yote ni ya nini.

Msafiri awe macho zaidi. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015, ilikataza uingizaji na uuzaji wa sigara za kielektroniki. Ethiopia ilifanya hivyo mwaka 2019, India mwaka huohuo, na Oman nayo imezipiga marufuku sokoni, jambo ambalo wenye ndugu Muscat wanapaswa kulijua kabla ya kufunga begi. Kwenye ndege, kanuni za kimataifa zinataka kifaa na betri za akiba vibebwe na abiria kwenye mzigo wa mkononi, visiwekwe kwenye sanduku la chini, na visichajiwe safarini.

Betri iliyochoka, ambayo kwa matumizi ya wati nyingi hufikia hali hiyo baada ya mwaka mmoja hivi, izibwe ncha zote mbili kwa utepe wa gundi na ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Isitupwe kwenye shimo la taka la nyuma ya nyumba, ambalo katika mitaa mingi ya Dodoma huchomwa moto kila jioni.